Namna ya kuchagua kiti BK Arena: kikapu, voliboli, ngumi na muziki

Aliyezoea Uwanja wa Benjamin Mkapa anaijua tiketi kwa daraja lake: mzunguko, VIP C, VIP B, VIP A. Ukiwa na ya mzunguko unawahi, unajichagulia pa kukaa, na ukichelewa unakaa palipobaki. Uwanja wa ndani haufanyi hivyo mara nyingi. Unauziwa sehemu maalumu, au kiti chenyewe chenye safu na namba, na uamuzi wote unaufanya ukiwa nyumbani na simu mkononi. Ukikosea hapo, kuwahi kufika hakukusaidii kitu.

Naieleza Kigali kwa sababu BK Arena ndiyo imewavuta watu wengi wa ukanda wetu kupanda basi au ndege kwa ajili ya mechi moja au tamasha moja. Ilifunguliwa Agosti 2019 kwa jina la Kigali Arena, pale Remera, ubavuni mwa Uwanja wa Amahoro, na inachukua watu 10,000. Mwaka 2021 pekee ilipokea msimu wa kwanza wa ligi ya kikapu ya Afrika, BAL, ambao Zamalek ya Misri ilichukua ubingwa, ikapokea AfroBasket, yaani kombe la mataifa ya Afrika la kikapu, kisha mashindano ya Afrika ya voliboli, ambako kina dada wa Kenya walifika fainali wakafungwa na Cameroon. Desemba 2023 Kendrick Lamar, mwanarap wa Marekani, akatumbuiza chini ya paa hilo hilo. Jengo ni moja, viti ni vile vile, lakini kiti kilichokuwa bora siku ya fainali ya kikapu kinaweza kuwa kibovu siku ya muziki. Ndiyo maana swali la "kiti gani kizuri?" halijibiki mpaka useme unakwenda kutazama nini.

Kwanza, jua sakafu itapangwaje

Kabla ya kutazama bei, tafuta picha au ramani ya tukio lako, wala si ya uwanja kwa jumla. Sakafu ya uwanja wa ndani hubadilishwa kila mara. Siku ya kikapu kati ni uwanja wa mbao, na watu wamezunguka pande zote nne. Siku ya muziki steji kwa kawaida huwekwa mwisho mmoja, sakafu ikajaa viti vya kukunja au watu waliosimama, na viti vilivyo nyuma ya steji ama vinafungwa ama vinauzwa kwa bei ya chini. Siku ya ngumi ulingo unakaa katikati na viti vya muda vinapangwa kuuzunguka.

Mwandaaji akiwa hajatoa ramani, angalia video ya tukio kama hilo lililofanyika hapo awali. Dakika tano za kuitazama zitakuonyesha steji ilikaa upande gani, skrini kubwa zilitundikwa wapi, na ni sehemu ipi watu walikuwa wakinyoosha shingo.

Kikapu: panda juu kidogo, kaa katikati

Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi, kwa kuamini kwamba karibu zaidi ni bora zaidi. Uwanja wa kikapu wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Ukikaa kwenye kiti cha sakafuni, macho yako yako mita moja na kitu kutoka chini. Mbele yako anasimama mchezaji wa mita mbili, nyuma yake mwingine, na mwamuzi anakatiza. Utasikia raba zikilia kwenye mbao, utaona jasho na utasikia kocha akifoka, na hiyo ni raha yake kweli. Lakini mchezo ukiwa upande wa pili unaona migongo. Mchezaji anavyokimbia kona kutafuta nafasi, mwenzake anavyomzibia beki njia, pasi inavyopita mahali ambapo hukudhani pana upenyo, hayo yote yanahitaji kutazamwa kutoka juu.

Kwa anayependa mchezo wenyewe, mahali pazuri ni ubavuni, karibu na mstari wa kati, safu za katikati au za juu za viti vya chini. Kuna njia rahisi ya kulithibitisha hili. Tazama mechi yoyote ya BAL iliyorushwa, uangalie kamera kuu imewekwa wapi. Imeinuliwa kiasi, iko ubavuni, usawa wa mstari wa kati. Watu wa televisheni wangeweza kuiweka popote, wakachagua hapo kwa sababu vikapu vyote viwili vinaonekana sawasawa na wachezaji kumi wanaenea katika jicho moja. Kiti kilicho chini kidogo ya kamera hiyo kina karibu kila kitu unachohitaji.

Kamera kuu kwa kawaida huwa upande unaotazamana na meza ya kuhesabu pointi na mabenchi ya timu. Hilo ni jambo la kulizingatia. Ukikaa safu za chini upande wa mabenchi, mechi ikipamba moto wachezaji wa akiba wanasimama wote, kocha anatembea huku na huku, na wewe unatazama taulo na fulana za mazoezi. Upande wa pili uko wazi zaidi, na benchi unaliona usoni: nani anakasirika, nani anaitwa, kocha anachora nini ubaoni. Kama hata hivyo unataka kuwa nyuma ya timu yako, panda safu za kutosha juu ya vichwa vyao.

Sasa viti vya nyuma ya kikapu. Ubao wa kikapu una upana wa mita 1.80 na kimo cha mita 1.05. Ni wa kioo, lakini nyuma yake kuna mkono wa chuma na mguu uliovishwa sponji, uliosimama angalau mita mbili nje ya mstari wa mwisho. Ukiwa safu za chini, nyuma yake moja kwa moja, chuma hicho kinakaa katikati ya macho yako, na kikapu cha mbali kiko zaidi ya mita 30 kutoka ulipo. Sogea pembeni kidogo, kuelekea kona, na upande juu mpaka utazame juu ya ubao. Ukifika hapo, viti vya mwisho vinageuka kuwa vizuri kwa bei yake. Danki, yaani mpira unaposokomezwa kikapuni kwa mkono, inakuja ikikuelekea, na unaona ulinzi unavyojikusanya na kufunguka. Kwa mwenye bajeti ndogo, mimi naona afadhali viti vya juu vya ubavuni kuliko vya chini kabisa vya nyuma ya ubao, ingawa vya juu viko mbali.

Kuna siri ndogo ya kanuni ambayo wengi hawaitumii. Timu hubadilishana vikapu baada ya mapumziko. Kwa kanuni za FIBA, kila timu huanza ikilinda kikapu kilicho upande wa benchi lake, kwa hiyo kipindi cha pili, yaani robo ya tatu na ya nne, inashambulia kikapu hicho hicho cha upande wa benchi lake. Muda wa nyongeza unaendelea na mwelekeo wa robo ya nne. Timu iliyotajwa kwanza kwenye ratiba ndiyo inayokaa kushoto kwa meza ukiwa umetazama uwanja, isipokuwa timu mbili zikubaliane vingine. Kwa hiyo ukitaka kuwa karibu timu yako inapotafuta kikapu cha ushindi, kata tiketi ya upande wa benchi lake.

Voliboli: viti vya bei rahisi vinageuka lulu

Uwanja wa voliboli ni mdogo, mita 18 kwa 9, na wavu una kimo cha mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Ukikaa ubavuni usawa wa wavu unaona mpira unavyovuka na nani kaugusa. Lakini uzuri wa mchezo huu, yaani mpangaji anavyomdanganya mzuiaji na mpigaji anavyopata upenyo kati ya mikono miwili, unaonekana zaidi kutoka mwisho wa uwanja, juu kiasi. Makocha wanaorekodi mechi kwa ajili ya kuzichambua huweka kamera zao huko huko. Viti hivyo aghalabu ni vya bei nafuu, kwa hiyo chukua bila wasiwasi. Wala usijisumbue kuuliza timu yako itakuwa upande gani, maana kwa kawaida wanabadilishana kila seti, na seti ya tano wanabadilishana tena mmoja akifikisha pointi 8.

Ngumi

Wapenzi wa ndondi wa Dar es Salaam hawahitaji kuambiwa jinsi viti vya mbele vinavyogombaniwa. Ila ulingo umeinuliwa kama mita moja kutoka sakafuni, una kamba nne na nguzo nne, na juu ya ukingo wake hupita wapiga picha. Safu za mwanzo utatazama kwa kuinua shingo, na mabondia wakienda upande wa mbali utaona vichwa tu. Viti vya muda vya sakafuni vyote viko usawa mmoja, kwa hiyo ukiwa safu ya kumi na tano unategemea urefu wa aliye mbele yako. Kama huna ya safu za mbele kabisa, acha sakafu, chukua safu za kwanza za viti vya kudumu vinavyopanda kwa ngazi. Chagua usawa wa ubavu wa ulingo, usiwe umeelekeana na nguzo.

Muziki: kaa anakokaa fundi

Katika tamasha masikio yana haki sawa na macho, na wengi huyasahau wakati wa kununua.

Katika kila tamasha kubwa kuna meza ya fundi mitambo, ile yenye miksa na skrini ndogo, imezungushiwa vizuizi katikati ya sakafu, mbali kiasi na steji. Sauti yote ya ukumbi inapangwa kwa masikio ya mtu aliyekaa hapo. Kadiri unavyokuwa kwenye mstari kati ya meza hiyo na steji, au nyuma yake kidogo, au kwenye viti vya kudumu vinavyotazamana nayo, ndivyo unavyosikia kile msanii alichokusudia. Tafuta meza hiyo kwenye ramani ya tiketi. Mara nyingi inaonyeshwa kama kiboksi kitupu katikati ya sakafu.

Ukienda mbele sana, mbele ya spika za besi zilizopangwa chini ya steji, kifua kinatetemeka lakini maneno ya wimbo hayasikiki vizuri, kwa sababu spika kubwa zimetundikwa juu na zinawarushia walio nyuma yako. Anayetaka kumwona msanii karibu na kuimba naye asiache kwenda mbele kwa sababu hiyo. Ajue tu anachokinunua.

Viti vya ubavuni vilivyo karibu na steji vinaweza kuwa zawadi au hasara, na tofauti ni hatua chache. Chora kichwani mstari unaopita ukingo wa mbele wa steji hadi kwenye viti vya pembeni. Vilivyo mbele ya mstari huo, kwa safu za chini na za kati, ni vizuri sana: uko karibu, umeinuliwa, hakuna kichwa cha mtu. Vilivyo nyuma ya mstari vinakosa vitu viwili kwa pamoja. Spika zinatazama upande mwingine, na skrini kubwa unaziona kwa ubavu au huzioni kabisa. Wauzaji waaminifu huandika kwamba kiti hicho kina kizuizi cha kuona. Wengine hawaandiki, ila bei iliyoshuka ghafla kati ya sehemu mbili zinazopakana inakuambia.

Mwisho wa ukumbi, ukitazamana na steji kutoka mbali, unaona taa na mpangilio wote, na kwa tamasha lenye wachezaji wengi na maonyesho ya picha hapo si pabaya hata kidogo. Tatizo ni umbali. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ukiwa mita 70 kutoka kwenye spika, unaona fimbo ya mpiga ngoma ikigonga, na mlio unakufikia baada ya moja ya tano ya sekunde. Katika ukumbi wenye ukuta mgumu nyuma yako unasikia na mwangwi juu yake. Usichukue safu ya mwisho kabisa iliyoegemea ukuta kama unaweza kusogea mbele safu chache.

Epuka pia safu za nyuma za viti vya chini pale ambapo viti vya juu vinazifunika kama dari. Besi inajikusanya humo na kuvuma, sauti kali inapotea, na skrini iliyotundikwa juu inakatwa na hilo dari. Katika kikapu mahali hapo panavumilika. Katika muziki panachosha.

Mkiwa na watoto, jambo la masikio lina uzito zaidi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15. Hicho ni kiwango cha juu, si cha starehe. Kaeni mbali na spika, na mtoto avishwe vikinga masikio vya kufunika sikio zima.

Kiti chenyewe

Ukishachagua sehemu, safu na namba nazo zina mambo yake.

Safu ya kwanza ya viti vya juu inaonekana tamu kwenye ramani: hakuna mtu mbele yako. Lakini mbele yake kuna reli au kioo cha usalama, na kwa mtu wa kimo cha kawaida akiwa ameketi, chuma hicho hukaa sawa na macho. Ukiinama unaona chini yake, ukinyooka unaona juu yake, na mechi nzima unainama na kunyooka. Safu ya tatu au ya nne ni bora kuliko ya kwanza. Vivyo hivyo kwa viti vilivyo jirani na kichwa cha ngazi, penye reli ya kushikia.

Wasanifu wa viwanja hupima jinsi mstari wa macho yako unavyopita juu ya kichwa cha aliye mbele. Milimita 60 huhesabiwa kuwa kiwango cha chini kinachovumilika, 90 ni nzuri, 120 ni nzuri sana. Kwa mnunuzi hii ina maana moja: penye mwinuko mkali aliye mbele hakuzibi, penye mteremko mpole au sakafu tambarare kofia moja inatosha kukuharibia. Mfupi wa kimo apande kwenye mwinuko, asinunue tambarare.

Kiti cha pembeni ya njia kinawafaa wenye miguu mirefu, wanaokwenda msalani mara kwa mara, na wanaowahi basi. Lakini kila anayetoka atakuomba upishe, na muuza vinywaji atasimama mbele yako wakati kikapu cha muhimu kinaingia. Viti viwili vitatu ndani ya safu huwa ni suluhu nzuri.

Usiamini kwamba safu A ni ya mbele popote uendako. Mahali pengine sakafu imepewa herufi zake na viti vya kudumu vinaanza upya, na safu za muda huongezwa mbele ya ile inayoitwa ya kwanza. Hesabu kwenye ramani, usisome herufi tu.

Unakwenda na nani

Mzee mwenye magoti mabovu usimpandishe viti vya juu kwa sababu tu vinaonekana vizuri. Ngazi zake ni kali na reli si kila mahali. Uliza mlango gani unaingia usawa wa safu yake, ili ashuke ngazi chache badala ya kupanda nyingi. Anayetumia kiti cha magurudumu ana nafasi zilizotengwa, lakini huwa chache na huisha mapema. Wasiliana na mwandaaji kabla ya kununua, umwambie pia kwamba kuna msindikizaji, ili msitenganishwe. Na mkiwa kundi la watu wanane, gawaneni wanne safu moja na wanne safu ya nyuma yake. Mtaongea vizuri kuliko mkinyooka kwenye safu moja, ambako wa mwisho hasikii lolote.

Kununua, na siku yenyewe

Viti vya katikati ubavuni huondoka kwanza, kwa hiyo fungua ramani siku tiketi zinapotoka. Ukikuta vimeisha, usikimbilie kulipa zaidi kwa walanguzi. Rudi kutazama siku chache kabla ya tukio, kwa sababu waandaaji wakishamaliza kupanga steji na kamera hufungua viti walivyokuwa wamevizuia, na vingine kati ya hivyo ni vizuri. Tiketi iliyotumwa kama picha ya simu na mtu usiyemjua usiinunue kabisa. Msimbo mmoja unaweza kuuzwa kwa watu kumi, na wa kwanza kufika mlangoni ndiye anayeingia.

Unayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kumbuka kwamba saa za Kigali ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Tiketi ikisema 17:00, ni saa kumi na moja ya huko, ambapo nyumbani ni saa kumi na mbili. Wa Goma na Bujumbura hawana shida hiyo.

Soma mlango ulioandikwa kwenye tiketi kabla ya kupanga foleni, kwa sababu kuzunguka jengo la watu 10,000 katikati ya msongamano kunakula muda wako wote. Ingia timu zikiwa bado zinapasha misuli, au mafundi wakijaribu taa. Kaa kwenye kiti chako, tazama vikapu vyote viwili au steji nzima kutoka ukingo hadi ukingo. Kama kuna kamera, bango au kizuizi kilichowekwa baada ya tiketi kuuzwa na kinakuziba, mwite mhudumu wa sehemu yako wakati huo huo, mwonyeshe tiketi, umwombe akuhamishe. Kabla ya kuanza viti vichache huwa bado vitupu na yeye ana nafasi ya kukusaidia. Robo ya kwanza ikishaisha, waliosimama kwenye ngazi wameshavikalia.